Kuwasha kiko bila kuunguza bakuli lake

Kiko kikifika kwenye meza yangu ya kazi hapa Keko, kitu cha kwanza nakigeuza nitazame ukingo wa bakuli, yaani mdomo wa juu wa sehemu inayobeba tumbaku. Ukingo huo hunipa habari za mwenyewe kabla hajakaa vizuri kwenye benchi. Ukiwa umeungua upande wa kulia tu, najua anatumia mkono wa kulia na anawasha kwa kiberiti cha gesi akiwa amekilaza ubavu. Ukiwa mweusi mzunguko mzima, huyo anawashia nje penye upepo, tena anarudia mara nyingi. Ukingo ukiwa safi lakini ndani ya bakuli mna ufa au kishimo kilichoungua, hapo kiberiti hakina kosa. Kosa ni la pumzi, mwenyewe anavuta kwa pupa.

Miezi michache iliyopita mzee mmoja wa Magomeni aliniletea kiko cha marehemu baba yake, kimefungwa kwenye leso. Baba mtu alikivuta miaka na miaka, bakuli likabaki zima. Mtoto alikivuta wiki tatu, na tayari ukingo wa mbele ulikuwa umeliwa kama milimita mbili, mweusi, ukiubonyeza kwa ukucha unabonyea. "Fundi, hii mbao imeoza?" akaniuliza. Haikuoza. Nikamwomba anionyeshe anavyowasha. Akatoa kiberiti cha gesi cha ule moto wa bluu unaotoka kwa mngurumo, akauelekeza ukingoni kama mtu anayechomelea geti. Ikabidi nimshike mkono. "Mzee wangu, naomba usubiri kwanza."

Mbao huanza kugeuka mkaa kwenye joto la kati ya nyuzi 250 na 300 za Selsiasi. Mwali wa njiti ya kawaida unapita 600, na ule wa bluu unaweza kupita 1,300. Kwa hiyo hakuna mbao ya kuvumilia mwali ukiiparamia, hata ile bora kabisa. Kiko hudumu kwa sababu moto unashika tumbaku peke yake, na mbao inapata joto la pembeni tu. Yote ninayoeleza hapa yanahusu namna ya kuupeleka moto kwenye tumbaku na kuubakiza humo.

Kabla ya yote, niseme la moyoni. Moshi wa kiko unadhuru hata usipouvuta hadi mapafuni. Unaleta saratani ya mdomo, ya koo na nyinginezo. Kama huvuti, usianze kwa sababu umesoma maelezo haya. Naandika kwa ajili ya aliye na kiko tayari, na hasa aliyeachiwa na mzazi au babu, asije akakiharibu kwa wiki tatu. Kumbuka pia kwamba sheria yetu ya kudhibiti bidhaa za tumbaku, ya mwaka 2003, inabana uvutaji kwenye maeneo ya watu wengi. Vutia kwako, penye hewa, mbali na watoto.

Jua kiko chako ni cha nini

Viko vingi vinavyorithiwa hapa mjini ni vya braya. Hiyo ni mbao ya uvimbe unaoota kati ya shina na mizizi ya kichaka ambacho wataalamu wa mimea wanakiita Erica arborea. Kichaka hichohicho kinaota hata kwenye miinuko ya milima yetu ya Afrika Mashariki, lakini uvimbe wa kuchongea viko hutoka nchi za Bahari ya Mediterania, kama Italia na Ugiriki. Unachimbwa, unakatwa vipande, unachemshwa saa nyingi ili utomvu utoke, kisha unakaushwa kwa miezi. Mji wa Saint-Claude kule Ufaransa ulijijengea jina kwa kuvichonga tangu karne ya 19. Braya inasifika kwa ugumu wake, kwa kustahimili joto na kwa kunyonya unyevu. Hata hivyo inaungua, kama mbao yoyote.

Kuna viko vyeupe vya jiwe jepesi la sepiolaiti, linalochimbwa Eskişehir, Uturuki. Hilo haliungui, ila moshi na mwali vinalipaka weusi, na ukiliangusha linavunjika. Kuna vya udongo, ambavyo huwa vya moto mno kushikika. Na kuna vya gunzi la mahindi. Usivicheke. Mji wa Washington, jimbo la Missouri, Marekani, umekuwa ukivitengeneza tangu 1869, na kwa mtu anayejifunza kuwasha sioni kilicho bora zaidi. Ukiunguza ukingo wa gunzi hujapoteza urithi wa mtu.

Wengine wananiuliza kuhusu mpingo, kwa kuwa Wamakonde wa Mwenge wanauchonga vizuri sana. Kwa bakuli, mimi siuchagui. Mpingo ni mzito na umeshikana mno, haunyonyi unyevu kama braya. Wapiga klarineti wanajua jinsi unavyopasuka joto na unyevu vikibadilika ghafla. Weka mpingo kwenye pete ya shingo au pambo, bakuli liache kwa braya.

Nikisema bakuli, namaanisha sehemu inayobeba tumbaku. Ukingo ni mdomo wa juu wa bakuli. Shingo ndiyo inayotoka ubavuni, na mdomo wa kiko ni kile kipande unachokiweka kati ya meno.

Kabla hujawasha, chomoa mdomo kikiwa baridi, pitisha kijiti cha kusafishia, na utazame ndani ya bakuli kwa tochi ya simu. Unatafuta ufa, kishimo, au sehemu ambayo rangi yake ni ya kijivu na inabonyea. Ukiona kimojawapo, usiwashe. Kilete kwa fundi kwanza.

Tumbaku mbichi ndiyo inayounguza mbao

Hapa ndipo watu wa Dar tunapoumia kuliko wa Dodoma au Iringa. Hewa yetu ina unyevu mwaka mzima, na wakati wa masika hata chumvi inalowa kwenye kopo. Tumbaku nayo inavuta unyevu huo. Ukiiweka kwenye kiko ikiwa na maji, haishiki moto. Unawasha, inazima, unawasha tena, na kila ukiwasha ukingo unapata kipigo kingine. Ikishika, unavuta kwa nguvu isizime, bakuli linapata moto kupita kiasi, na mvuke unaokuja mdomoni unachoma ulimi. Mtu akiniambia kiko chake kinataka njiti kumi, sihitaji hata kukiona. Namuuliza tumbaku anaihifadhi wapi.

Jibu sahihi ni chupa ya kioo yenye kifuniko kinachokaza. Siku ya kuvuta, toa kiasi cha bakuli moja, kitandaze kwenye sahani au karatasi nyeupe, mahali penye kivuli, nusu saa hivi. Mchana ni bora kuliko usiku, maana usiku unyevu unapanda. Penye kiyoyozi robo saa inaweza kutosha. Juani usianike: inakauka nje na kubaki na maji ndani, na harufu yake yote inapotea.

Kipimo ni vidole. Bana tumbaku kidogo kati ya dole gumba na cha shahada, halafu achia. Ikibaki imegandamana kama tonge, bado. Ikipukutika na kulia kama jani kavu, imezidi. Inayofaa inajifungua polepole na kurudi ilivyokuwa.

Tumbaku zilizotiwa ladha ya vanila au cheri ni kesi ya peke yake. Zimechanganywa na vitu vya kuzifanya zibaki na unyevu, kwa hiyo hazikauki kirahisi hata uzianike siku nzima. Kama kiko chako una uchungu nacho, anza na tumbaku isiyo na ladha ya kuongezwa.

Wapo pia wanaonunua jani zima, linalotoka Tabora au Ruvuma. Ya Tabora kwa kawaida ni tumbaku ya mvuke, inayokaushwa kwa hewa ya moto bila moshi, ina sukari nyingi, inawaka kwa joto kali. Ile ya moshi ya Ruvuma, inayokaushwa juu ya kuni, ni nzito, kiasi kidogo kinatosha. Ukikatakata jani mwenyewe, toa mshipa wa katikati. Mshipa huo unawaka kwa ukaidi, unafanya kisiwa kisichoshika moto katikati ya bakuli, na wewe unaishia kukielekezea mwali pasipo sababu.

Kujaza

Mjazo mbaya hauwezi kuokolewa na mwasho mzuri. Dondosha tumbaku bila kuibana mpaka bakuli lijae, kisha bonyeza kidogo sana, ifike nusu. Ongeza mpaka ijae tena, bonyeza kwa nguvu ya wastani, ifike kama robo tatu. Ongeza mara ya tatu na ushindilie kwa mkono thabiti zaidi, uso ubaki chini ya ukingo kwa milimita tatu au nne. Nafasi hiyo ya juu usiipuuze. Tumbaku ikipata moto inavimba na kuinuka, na ikifika juu ya ukingo inaupelekea moto.

Sasa vuta bila kuwasha. Hewa ije kwa ukinzani mdogo, kama unavyonyonya maji ya dafu kwa mrija. Ikija bure kabisa, umejaza kidogo, moto utakimbilia chini na kuchoma kitako. Ikikataa, toa yote uanze upya. Najua inaudhi kumwaga kazi uliyokwisha kufanya, lakini bakuli lililobanwa halirekebishiki kwa kuvuta kwa nguvu.

Kiberiti kipi

Njiti ya mbao ndiyo rafiki wa kiko. Ina kasoro moja: kichwa chake. Neno kibiriti lenyewe asili yake ni Kiarabu na maana yake ni salfa, ndiyo maana mpaka leo ungaunga ule wa njano wa kutibu ngozi tunauita kibiriti upele. Kichwa cha njiti kina salfa, na kinapolipuka kinatoa moshi mkali na joto kubwa kwa mara moja. Ukiwahi kuipeleka kwenye bakuli, tumbaku yote itanuka. Washa, shikilia njiti mbali na uso wako, hesabu moja, mbili, tatu, mpaka kichwa kiishe na mbao yenyewe ianze kuwaka kwa mwali wa njano uliotulia. Hapo ndipo uipeleke.

Hifadhi kiberiti chako kwenye kopo linalofunga, maana hapa kwetu njiti zinalowa na kichwa kinamomonyoka ukikikwangua.

Kiberiti cha gesi cha kawaida, cha mwali laini wa njano, kinafaa. Tatizo lake ni kwamba mwali unapanda juu, wakati wewe unataka ushuke. Mtu akikilaza, mwali unajikunja na kulamba ukingo wa upande ule alipokishikia. Dawa ni kukiinamisha kiko kidogo kuelekea kwenye mwali, siyo kukilaza kiberiti. Vipo viberiti vilivyotengenezwa kwa ajili ya viko, vinavyotoa mwali ubavuni. Ukikipata, chukua. Cha petroli kinaacha harufu kwenye pumzi chache za kwanza, na wengine hawaijali. Mimi naijali. Mke wangu hawezi kupika wali kwenye jiko lililowashwa kwa mafuta ya taa ambayo hayajaisha kuungua, na kiko ni hivyohivyo.

Kile cha moto wa bluu waachie wanaounganisha mabomba. Hakina matumizi kwenye kiko cha mbao hata mara moja, hata "kwa dharura".

Mwasho wa kwanza ni wa kuvunjia tu

Tumbaku haiwaki vizuri kwa mara ya kwanza, na haitakiwi. Kazi ya mwasho huu ni kuuchoma uso wa juu kidogo, uinuke, ukauke, ili mwasho wa pili ushike.

Kaa. Usiwashe ukitembea. Kiko kikiwa kati ya meno au mkononi, leta njiti juu ya katikati ya bakuli, kama sentimita moja juu ya tumbaku. Mwali usiguse kitu chochote. Sasa vuta polepole, kwa mashavu, siyo kwa kifua. Utauona mwali ukiinama na kuzama kwenye tumbaku wenyewe. Huo ndio ufundi wote: unauita mwali ushuke kwa pumzi, huusukumi kwa mkono. Ukiacha kuvuta, mwali unarudi juu, nawe unapata nafasi ya kusogeza njiti.

Sogeza kwa mduara mdogo. Anzia katikati, zunguka taratibu kuelekea nje, na uishie milimita mbili au tatu kabla ya kuta. Usijali tumbaku ya pembezoni, moto utaifuata wenyewe. Wengi wanaunguza ukingo kwa sababu wanahangaikia chembe tatu za pembeni ambazo hazijageuka rangi.

Vuta mara nne au tano fupi, kisha ondoa njiti. Utaona tumbaku inajikunja na kuinuka kama nywele zilizopitiwa na moto. Iache izime. Usivute kuihuisha.

Shindilia sasa, kwa uzito wa kishindilio chenyewe tu. Si lazima ununue cha duka. Mimi natumia msumari wa inchi tano ambao kichwa chake nimekipiga tupa mpaka kikawa bapa, na pembe zake nikazipitisha msasa ili zisikwaruze bakuli. Sawazisha uso mzima, usibanie katikati. Uso ukitoka sawasawa, mweusi wote kama kitambaa cha kaniki, uko tayari.

Mwasho wa pili

Njiti nyingine, kichwa kiishe, mduara uleule, pumzi ileile. Tofauti ni kwamba mara hii tumbaku inashika kwa haraka, na moshi unakuja mzito na mtulivu. Mara tu uso wote ukiwaka, ondoa mwali. Watu hupenda kushikilia njiti mpaka iishe kwa kuwa bado ina moto. Njiti haikudai kitu, ipulize uitupe kwenye kopo la majivu.

Kama njiti imekaribia vidole na uso haujashika wote, usiihimize. Itupe, chukua ya tatu. Bei ya njiti tatu huwezi kuilinganisha na bei ya bakuli.

Pumzi na joto

Kiko kinaharibika zaidi katika nusu saa inayofuata kuliko katika nusu dakika ya kuwasha, ila uharibifu wake hauonekani kwa nje. Vuta kidogo, kama mtu anayeonja chai ya moto, halafu acha. Pumzi ndogo, kisha kitambo kirefu. Moshi ukiwa mwembamba, upo sawa. Ukitoa mawingu kama treni ya reli ya kati, unachoma mbao.

Kipimo changu ni shavu. Weka ubavu wa bakuli shavuni. Ukiweza kulikaza hapo bila kuondoa uso, endelea. Ukishtuka, liweke chini lipoe, na moto ukizima uache uzime. Kuzima si aibu, na wavutaji wazuri viko vyao huzima mara kwa mara.

Ukisikia maji yanachemka shingoni, usivute kwa nguvu kuyakausha. Pitisha kijiti cha kusafishia kupitia mdomo, kinyonye maji, uendelee. Usichomoe mdomo kiko kikiwa cha moto. Mbao imevimba wakati huo, na shingo inaweza kupasuka au kiungo kikalegea kisirudi tena.

Kuwasha upya katikati

Hapa ukingo wa nyuma ndio unaoumia, kwa sababu tumbaku imeshuka na mtu anainamisha mwali aufuate chini. Kwanza inamisha kiko, gonga kwa kiganja utoe majivu yaliyolegea, yote yasitoke, yabakie kidogo. Shindilia taratibu ili tumbaku ikutane. Kisha washa katikati tu, bila mduara. Bakuli likishafika theluthi ya chini, kuta zimekwisha kupata joto kubwa, hivyo mwali mfupi unatosha. Kama haijashika kwa njiti mbili, imebaki maji na majivu. Mwaga.

Usigonge kiko kwenye ukuta, kisigino cha kiatu wala ukingo wa meza. Shingo nyingi nilizozitengeneza zilivunjikia hapo.

Upepo

Ukipenda kukaa Coco Beach jioni, hasa msimu wa kusi, elewa kwamba upepo unafanya kazi ya mivukuto ya mhunzi. Unapuliza moto ndani ya bakuli bila wewe kuvuta, na unaulaza mwali kwenye ukingo kila unapowasha. Upe upepo mgongo, kunja kiganja kuzunguka bakuli, na washia nyuma ya ukuta au ndani ya gari lililosimama, milango ikiwa wazi. Kuna vifuniko vya waya au chuma chenye matundu vya kufunika bakuli nje, navyo vinasaidia baada ya kuwasha. Ushauri wangu wa kweli ni kwamba kiko cha urithi ukivutie kibarazani, cha gunzi ndicho ukipeleke ufukweni.

Kiko kipya na ukoko

Kiko kipya cha braya hakina kinga. Kinga yake hujengeka kwa kuvutwa: tabaka jembamba la mkaa linalogandamana kwenye kuta za ndani, ambalo mimi naliita ukoko, maana ni kama ule wa wali chini ya sufuria. Ukoko unaikinga mbao na moto. Ili uote sawasawa toka chini mpaka juu, mabakuli matano au sita ya kwanza jaza theluthi tu, mengine kama hayo nusu, ndipo uanze kujaza kamili. Vuta mpaka mwisho kila mara, polepole kuliko kawaida.

Ukoko ukifika milimita moja hivi, inatosha. Ukiuacha unenepe, unavimba kwa joto kuliko mbao inavyovimba, na unalipasua bakuli kwa ndani. Punguza kwa msasa uliozungushwa kwenye kijiti, usitumie kisu. Kiko cha sepiolaiti hakihitaji ukoko kabisa, kifute kila baada ya kuvuta.

Baada ya kuvuta

Kiache kipoe kabisa. Mwaga majivu, chomoa mdomo, pitisha vijiti vya kusafishia mpaka kimoja kitoke kikavu, kisha kipumzishe. Kwingine wanasema siku moja. Kwa hewa ya Dar mimi nasema siku mbili au tatu, kichwa kikiwa chini, mahali penye upepo wa feni, kamwe si kwenye droo. Nimefungua droo za watu nikakuta ukungu wa kijani ndani ya bakuli. Na mbao iliyolowa haiwezi kuhimili mwasho unaofuata, kwa sababu maji yanachemka ndani ya nyuzi zake na kuzipasua.

Ukingo ukishaungua

Tofautisha masizi na kuungua. Kiko kikiwa na uvuguvugu, lowesha kitambaa cha pamba kwa mate au maji kidogo, sugua ukingo kwa mduara. Weusi ukitoka na mbao ikaonekana nyororo, yalikuwa masizi tu. Fanya hivyo kila mara ukimaliza kuvuta na hayatagandamana. Weusi usipotoka, na ukucha ukizama, mbao yenyewe imeshakuwa mkaa.

Hapo kazi ni ya msasa. Bandika msasa namba 400 juu ya kioo au kigae kilicho sawa, geuza kiko kichwa chini, na uzungushe kwa mkono mwepesi, ukikagua kila mizunguko mitano. Ukifika kwenye mbao hai, nenda namba 600, kisha 1,000. Malizia kwa nta kidogo na kitambaa laini. Usipake vanishi wala sila kama unavyopaka kitanda. Inaziba vinyweleo vya mbao na inatoa malengelenge ikipata joto, na moshi wake utauvuta wewe. Kishimo cha ndani usikizibe kwa gundi ya aina yoyote, kwa sababu hiyohiyo.

Kile cha mzee wa Magomeni nilikipunguza kwa milimita mbili na nusu kupata ukingo sawa, nikakirudisha kwake pamoja na kiberiti cha njiti na msumari niliousawazisha kwa tupa. Alama za meno ya baba yake kwenye mdomo wa kiko aliniomba nisiziguse, na sikuzigusa.